Neno «corn»: ngano, mahindi ao punje ya chumvi?

Bandugu, sisi watu wa agronomia tunasoma vitabu vingi vya Kingereza, na kuko neno moja fupi lenye kusumbua: «corn». Mwanafunzi akiliona, anaandika mahindi. Ni sawa kama kitabu kilitoka Marekani. Kama ni cha Uingereza, tena cha zamani, hapana.

Mwanzoni neno hili lilikuwa na maana ya punje tu. Njo maana ile nyama ya boîte tunayoita corned-beef haina hata punje moja ya mahindi: «corn» ya mule ni chumvi ya punje kubwa waliyotia juu ya nyama ili isioze. Nyuma ya punje, neno likashika nafaka yenye watu wa pale wanakula zaidi. Kule England ilikuwa ngano. Katika Biblia ya Kingereza ya 1611, bana ba Yakobo wanashuka Misri kununua «corn». Mahindi Misri, wakati ule? Mahindi ilikuwa Amerika tu, ikavuka bahari kisha 1492. Biblia yetu ya Kiswahili inasema nafaka, na ninaona watafsiri walifanya kazi ya akili.

Waingereza walipofika Amerika wakaita mahindi «Indian corn», nafaka ya Wahindi, kwa sababu Columbus alizani amefika Uhindi. Pole pole Wamarekani wakaacha neno la kwanza. (Tusiwacheke: na mahindi yetu iko na Uhindi ndani.)

Sasa sikieni namna hizi maana mbili zilikutana. Katika 1815 Uingereza ilitunga sheria zinazoitwa Corn Laws. Si sheria za mahindi! Zilikataza ngano ya inchi za kigeni kuuzwa mpaka bei ya ndani ifike shilingi 80 kwa kipimo cha zaidi ya kilo 200. Wenye mashamba makubwa wakashiba, mfanyakazi wa mjini akalipa mukate kwa bei kali. Kisha, katika 1845, ugonjwa wa mildiou ukaozesha viazi vya Ireland, na maskini wa kule walikula viazi karibu kila siku. Waziri mukubwa Robert Peel akanunua kwa siri «Indian corn» ya Marekani, ya pauni karibu 100.000.

Mahindi ikafika, lakini punje zake zilikuwa ngumu, vinu vya Ireland havikuzizoea. Watu hawakujua kuipika, wengine ikawaumiza tumbo. Siye tuliokomaa na bukari tunaelewa: bunga isiyosagwa vizuri haisamehe. Wakaiita kiberiti cha Peel, ile kiberiti ya moto wa Sodoma, sababu ya rangi yake ya manjano.

Mwezi wa sita 1846 sheria za «corn» zikavunjwa, na Peel akaanguka mwezi ule ule. Njaa yenyewe iliendelea miaka mingine, ikaua watu karibu milioni moja.