Arobaini ya Pwani na Kibanda cha Nepal

Mwanamke wa Pwani akijifungua, kazi za nyumba zinamhama. Mama yake anaingia jikoni, uji wa pilipili manga unachemshwa asubuhi na jioni, tumbo na kiuno vinakandwa kwa maji ya moto, na kwa siku arobaini mzazi hagusi ndoo wala mwiko. Damu ya nifasi inamwondolea sala na saumu. Nyumbani haimwondoi.

Magharibi ya mbali ya Nepal, katika wilaya kama Achham, Doti na Bajura, damu hiyo hiyo humtoa mwanamke nje. Mila yenyewe huitwa chhaupadi. Kila akiwa hedhini, na tena kwa siku kumi hivi baada ya kujifungua, hulala katika kibanda cha mawe na udongo, au zizini, mahali ambapo mara nyingi hapana dirisha na huwezi kuingia bila kuinama. Haingii jikoni wala hekaluni. Haruhusiwi maziwa wala mtindi, na huyu ni mtu aliyetoka kupoteza damu. Baridi ya milimani ikizidi huwasha moto humo ndani, anafunga mlango, na moshi unakosa pa kutokea. Januari 2019, huko Bajura, mama mmoja na wanawe wawili walikufa hivyo. Wengine wameumwa na nyoka usingizini.

Msomaji wa kwetu anaweza kudhani tofauti hii ni ya dini, Uislamu huku na Uhindu kule. Sikubaliani naye. Wahindu walio wengi hawana kibanda cha namna hiyo, na hata Nepal kwenyewe kuna sehemu nyingi ambako hakijulikani. Mimi nauliza gharama ya mila inamwangukia nani. Arobaini inaigharimu nyumba: kuku wa supu, kuni za kuchemshia maji, mikono ya mtu mwingine. Chhaupadi humgharimu mwanamke peke yake. Tena nyumba haipotezi kazi yake, kwani aliyezuiwa jikoni hazuiwi shambani. Mikono inayosemwa kuwa itanajisi maziwa ndiyo inayokata majani na kubeba kuni kutoka mlimani.

Madhara yake yanaonekana mwilini. Kushuka kwa kizazi kumewatesa wanawake wengi wa Nepal, hata mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikatamka kwamba hilo ni suala la haki za uzazi na serikali inawajibika. Sababu zinajulikana: kuolewa mapema, kuzaa mfululizo, na kubeba mizigo mizito kabla misuli ya nyonga haijakaza. Wakunga wa hospitali huhesabu wiki sita za mwili kurudi baada ya uzazi, na bibi zetu, bila kitabu, walifika karibu pale pale.

Sheria nayo imejaribu. Mahakama hiyo hiyo ilipiga marufuku chhaupadi mwaka 2005, kisha sheria ya 2017 ikaweka kifungo cha miezi mitatu au faini ya rupia 3,000. Vibanda vikabomolewa kwa maelfu. Lakini kubomoa kibanda hakumpi mwanamke kitanda ndani ya nyumba, na wako waliojikuta wakilala mahali pabaya zaidi.

Hapo ndipo sifa za arobaini zinaponikwama kooni. Ni kweli nyumba inalipa, ila ndani ya nyumba anayelipa ni mwanamke mwingine: mama mzee mwenye magoti mabovu, au mdogo mtu anayekosa shule ili afue nepi. Baba anatoa pesa ya kuku, na hapo mchango wake umekwisha. Tanzania sheria inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akizaa pacha, lakini mama ntilie na mkulima hawana mwajiri wa kumdai siku hizo. Na anayelishwa vizuri kwa siku arobaini huenda hakuulizwa kama alitaka mimba hiyo ya sita.

Linalonitisha zaidi ni homa ya usiku wa siku ya tisa, au damu iliyoanza kutoka upya. Mwaka 1994 watafiti Thaddeus na Maine walieleza kuchelewa kwa aina tatu kunakoua wazazi, na kwa kwanza ni kule kuchelewa kuamua kwenda hospitali. Mzazi hatoki nje, wanasema. Baba mtoto hajarudi. Tumsubiri mama mkwe aseme.

Kliniki zetu humtaka mzazi aonekane ndani ya saa 48 za mwanzo, kisha tena na tena hadi siku ya 42. Karibu mahudhurio yote hayo yanaangukia ndani ya arobaini. Muuguzi anayempangia tarehe mama huyo afanye na la pili: amwite yule bibi aliyekaa kwenye benchi na chupa ya uji, amweleze dalili za hatari, na amwambie kwamba zikitokea hakuna ruhusa ya mtu yeyote ya kusubiriwa.