Kioo cha Mlima Palomar

Msomaji, huenda umepata kusimama mbele ya jengo kubwa ukauliza ni nani aliyelijenga. Aghalabu utatajiwa jina la mtu mmoja tu. Lakini ziko kazi ambazo hazitoshi katika maisha ya mtu mmoja. Aliyezianza hufa, nazo hazina budi kuendelea. Je, kazi ya namna hiyo huongozwaje? Tupate jibu katika historia ya darubini ya Mlima Palomar, huko California, Marekani, ambayo ujenzi wake ulichukua miaka 20.

Aliyeianzisha ni George Ellery Hale, aliyezaliwa Chicago mwaka 1868. Hale alikuwa mtaalamu wa jua, na tena alikuwa na kipawa cha kuwashawishi matajiri watoe fedha kwa ajili ya elimu ya nyota. Kabla ya Palomar alikuwa amekwisha kuongoza ujenzi wa darubini tatu kubwa: ya inchi 40 mwaka 1897, ya inchi 60 mwaka 1908, na ya inchi 100 mwaka 1917. Inchi hizo ni upana wa kioo kinachokusanya nuru. Kama vile beseni pana likingavyo mvua nyingi kuliko kikombe, ndivyo kioo kipana kikusanyavyo nuru nyingi ya nyota zilizo mbali.

Usiku wa kwanza wa darubini ile ya inchi 100, mwezi wa Novemba 1917, Hale alitazama Mshtarii, akaona sura nyingi zilizopandana badala ya moja. Je, miaka yote ile ilikuwa bure? Ikagunduliwa kwamba kuba lilikuwa wazi mchana, na jua likakipasha kioo moto. Hapakuwa na la kufanya ila kungoja. Hale alikwenda kulala, usingizi usimjie. Akarudi usiku wa manane. Kioo kilikuwa kimepoa. Safari hii alielekeza darubini kwenye nyota ya Vega, nayo ikaonekana safi.

Somo hilo hakulisahau. Mwaka 1928 alipoomba fedha za darubini ya inchi 200, yaani zaidi ya meta 5, alijua kwamba adui mkubwa wa kioo ni joto. Alipata ahadi ya dola milioni 6 kutoka kwa shirika la Rockefeller. Hapo ukatokea ugumu wa namna nyingine. Wataalamu wenye ujuzi walikuwa katika shirika la Carnegie, na fedha zilipewa chuo cha ufundi cha California. Wakubwa wa Carnegie hawakupendezwa. Ilimbidi Hale awapatanishe kwanza, kwa maana fedha bila wajuzi zisingejenga kitu, wala wajuzi bila fedha.

Kisha wakatafuta kioo kisichotanuka sana kwa joto. Jaribio la kwanza lilikula fedha nyingi, likaachwa mwaka 1931. Ndipo kazi ikapewa kiwanda cha Corning, katika jimbo la New York, chini ya George McCauley. Tarehe 25 Machi 1934 mafundi walimimina kioo kilichoyeyuka, kwa pawa kubwa za chuma, ndani ya kalibu lililopangwa matofali ya kufanya mashimo mgongoni mwa kioo ili kipungue uzito. Watu wengi walikuja kutazama. Katikati ya kazi, vyuma vilivyoshika matofali vikayeyuka, nayo yakaelea juu mbele ya macho ya wote.

McCauley hakukificha kioo kile kibovu, wala hakukitupa. Alikitumia kwa majaribio ili ajifunze. Akabadili vyuma, na tarehe 2 Desemba 1934 kikamiminwa kioo cha pili. Msomaji, umepata kuona bilauri ikipasuka kwa kutiwa maji ya moto? Basi fikiri kioo cha tani 20! Ilibidi kipozwe polepole kwa muda wa miezi mingi. Mwaka 1935 mto wa pale ukafurika, na umeme uliotunza joto lake ukazimwa kwa siku chache. Hata hivyo kioo kikasalimika.

Mwaka 1936 kilisafirishwa kwa gari la moshi hadi Pasadena, safari ya siku 16, kwa mwendo wa pole. Huko kikaanza kusuguliwa. Msimamizi wa wasuguaji, Marcus Brown, alikuwa zamani dereva wa lori. Lakini alijifunza kazi hata akaaminiwa kioo ambacho hapakuwa na cha pili chake.

Hale alikuwa mgonjwa kwa miaka mingi, naye akafa tarehe 21 Februari 1938, kioo kikiwa bado hakijakamilika. Lakini kazi haikufa naye. Baraza alilokuwa ameliunda liliendelea chini ya Max Mason. Vita Kuu ya Pili ikawasimamisha, kisha wakarudi. Tarehe 3 Juni 1948 darubini ikafunguliwa, ikapewa jina la Hale. Mwaka 1963 Maarten Schmidt aliitumia kupima nuru ya kitu kilichodhaniwa kuwa nyota, akatambua kwamba kiko mbali mno, kupita nyota zote tuzionazo kwa macho.

Hale hakutazama hata mara moja katika darubini yenye jina lake. Hata hivyo hatuwezi kusema kwamba alishindwa. Alipatanisha waliogombana, akawapa wengine madaraka wakati yeye yu hai, na wale aliowaachia walikiri makosa yao na kuyasahihisha. Siku utakapopewa uongozi, hata wa chama kidogo cha shule, jiulize hivi: je, nikiondoka kesho, kazi hii itasimama?