Mfupa wa Ishango na Vitu Vipimwavyo Mara Mbili

Mchimba dhahabu wa Misisi, huko Fizi, ajapo kuuza punje alizoziosha, haridhiki na neno la mizani ya mnunuzi peke yake. Hupenda kwanza kuzipima mwenyewe, pengine kwa njiti za kiberiti, kama ilivyo ada katika machimbo mengi ya mashariki ya Kongo, na vipimo viwili vikiafikiana ndipo moyo wake hutua. Kabla yake, watu wa misafara waliovuka ziwa Tanganyika kutoka Ujiji walihesabu ushanga kwa khete, khete kumi zikifanya fundo, nami sidhani kwamba mwenye kuuza pembe za ndovu alipokea fundo hata moja bila kulihesabu upya. Ada hii ya kukiendea kitu kimoja kwa njia mbili ni kongwe kuliko dhahabu na ushanga.

Yapata kilomita 500 kaskazini ya Misisi, huko Ishango, mahali mto Semliki utokapo katika ziwa Edward, Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua mwaka 1950 mfupa wa kama sentimita 10, wenye kijiwe kilichopachikwa nchani, na umri wake leo hukadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Umechanjwa chale 168 katika safu tatu. Safu moja ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19, nazo ndizo namba tasa zote zilizo baina ya 10 na 20. Nyingine ina 11, 21, 19 na 9. Na ya kati ina mafungu manane yaliyo na jumla ya 48. Heinzelin aliona humo mchezo wa hesabu, Alexander Marshack akaona kalenda ya mwezi. Mimi, kwa kuwa mtu hawezi kuijua namba tasa asiyejua kugawanya, nasita kumvika mchongaji joho la ualimu. Linalonishika ni kwamba zile safu mbili za kwanza, zenye mafungu mbalimbali kabisa, kila moja hufikia 60.

Namba tasa zenyewe zilingoja kuendewa kwa njia mbili hadi mwaka 1737, alipoonyesha Leonhard Euler ya kuwa jumla ifanywayo kwa namba zote huweza kuandikwa kuwa zao la namba tasa peke yake. Na mwaka 1837 Dirichlet akaifuata njia hiyo, akazizusha zile ziitwazo leo funksheni za L. Mfano ulio mwepesi kuliko yote msomaji aweza kuujaribu kwa kalamu: chukua moja, toa theluthi, ongeza humusi, toa subui, ongeza tusui, ukaendelea hivyo na namba za witiri bila kikomo. Jumla hiyo, isiyotaja duara popote, hutua kwenye robo ya pai, yaani robo ya eneo la duara ambalo nusu kipenyo chake ni moja. Upande mmoja hesabu, upande wa pili umbo!

Namba ipatikanayo kwa kupima umbo namna hii wanahesabu huiita periodi. Karne ya ishirini ilihama kutoka duara kwenda kwenye fomu otomofiki, ambazo hujirudia kwa ulinganifu mkubwa zaidi, na katika miaka ya 1980 Mfaransa Jean-Loup Waldspurger alithibitisha kwamba, kwa fomu za namna fulani, kipeo cha pili cha periodi hulingana na thamani ya funksheni ya L katikati yake, isipokuwa kwa kizidisho; basi thamani hiyo ikiwa sifuri, periodi nayo ni sifuri. Hicho kizidisho ndicho kilichowasumbua waliokuja nyuma. Mwaka 2010 Atsushi Ichino na Tamotsu Ikeda walitoa dhana ikitamka kiwe kiasi gani hasa, kwa familia nzima ya fomu. Na mtu wa Misisi angewaelewa upesi, kwani na yeye, kabla ya kubishana bei, hutaka kwanza kujua ni njiti ngapi zifanyazo gramu.