Homa ya Papasi katika Njia ya Misafara ya Tabora: Mifuatano ya Jeni kama Ushahidi wa Kihistoria

Katika karne ya 19, njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilipitiwa na maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Katika nyufa na vumbi la vibanda walimolala waliishi papasi, na homa iliyotokana na kuumwa nao ikaitwa homa ya papasi. Mwaka 1905, Robert Koch, akifanya utafiti katika koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki, alibaini kuwa vimelea vya homa hiyo hupita kutoka kwa papasi jike hadi katika mayai yake. Mwaka huohuo Joseph Dutton alifariki nchini Kongo akiwa katika uchunguzi wa ugonjwa huo. Bakteria wake, Borrelia duttonii, wakapewa jina lake.

Dai kwamba wapagazi ndio walioeneza papasi limerudiwa mara nyingi. Je, ulinganishaji wa mifuatano ya DNA unaweza kulithibitisha? Katika mbinu iliyoasisiwa na Needleman na Wunsch mwaka 1970, mifuatano miwili hupangwa sambamba. Herufi zinazolingana huongeza alama, tofauti na mapengo huzipunguza. Mfanano unaozidi ule wa kubahatisha huashiria asili moja.

Mwaka 2008, jenomu ya B. duttonii ililinganishwa na ya B. recurrentis, inayoenezwa na chawa. Ya pili ilikuwa ndogo kwa takribani moja ya tano, na jeni zake karibu zote zilikuwamo katika ya kwanza. Baadhi ya jeni za kurekebisha DNA zilikuwa zimeharibika. Kwa kuwa jeni iliyopotea hairudi kwa urahisi, mwelekeo wa mabadiliko ulibainika: bakteria wa chawa walitokana na wale wa papasi.

Hata hivyo, mti wa nasaba wa aina hiyo huonesha udugu na mwelekeo. Hautaji barabara wala mbebaji. Ili kulipima dai hilo, sampuli za papasi kutoka vituo vya kale vya misafara zinapaswa kulinganishwa na za vijiji vilivyo mbali na njia. Iwapo nasaba zitafuata njia badala ya umbali, dai litapata nguvu. Vinginevyo, mpagazi atakuwa ametwishwa lawama isiyo yake, juu ya mizigo aliyokwisha kuibeba.