Kipatanishi: kinachokaa kati ya maji na mafuta

Kina mama wa Shinyanga wanaotikisa maziwa kwenye kibuyu wanaigeuza emalsheni moja, yaani matone ya kimiminika kimoja ndani ya kingine, kuwa nyingine. Maziwa ni mafuta ndani ya maji. Yakitikiswa vya kutosha, utando unaofunika vitone vya mafuta hupasuka, na siagi inayotoka ni maji ndani ya mafuta. Maji yake hukaribia asilimia 16. Ichemshe mpaka maji yaishe, upate samli. Hapo emalsheni imekwisha.

Katika migodi mikubwa ya ukanda wa Geita emalsheni ya maji ndani ya mafuta, kama siagi, hutumika kupasulia mwamba. Kwenye mashimo yaliyochorongwa hupampiwa uji mzito kama grisi: chumvi ya amoniamu naitreti iliyoyeyushwa katika maji ya moto, kisha ikavunjwavunjwa kuwa matone ndani ya mafuta. Maji hayo ya chumvi huwa kama asilimia 90 ya uzito wote, lakini ndiyo yaliyofungwa; mafuta machache ndiyo yanayozingira.

Nani kaamua hivyo? Ni kitu chenye chembe zinazopenda maji upande mmoja na mafuta upande wa pili, kikakaa mpakani. Ninakiita *kipatanishi*. Kukiita sabuni hakutoshi, kwa sababu sabuni ni mmoja tu wa ukoo huo, na ya kufulia hufanya kinyume: hufunga mafuta ndani ya maji. Kukiita kiyeyushi ni kupotosha kabisa. Maji na mafuta hayakuyeyukana; pande mbili zimebaki mbili.

Kuhusu uji kuwa mzito: matone ya duara yaliyo sawa hayawezi kujaza zaidi ya asilimia 74 ya nafasi. Yakizidi, hubanana hadi yakaota pembe kama vyumba vya sega la nyuki, na mafuta hubaki utando mwembamba katikati. Vimiminika viwili vimezaa kitu kinachosimama! Maji yakipungua mno, chumvi huganda kuwa fuwele na kuharibu utando. Yakizidi, nguvu ya mlipuko hushuka. Kipatanishi kikipungua, matone huungana. Utando huo ndio unaozuia maji ya shimo yasiyeyushe chumvi. Baruti ya amoniamu naitreti kavu (mbolea) na dizeli haina kinga hiyo.

Walimu wa kemia na waandishi wa maelezo ya usalama migodini, nawaomba mlijaribu neno kipatanishi. Na mkitaja emalsheni yoyote, semeni kipi kiko ndani ya kipi.