Bukumbi: Kimya Kilichompokea Kabaka



Anayekaa Igoma anajua taabu ya kupata mahali pa kimya. Magari ya Magu na Musoma hupita usiku na mchana, na sokoni kila muuzaji anataka sauti yake iwe juu kuliko ya jirani. Penye utulivu ni pale yalipo makaburi ya ndugu zetu waliokufa katika meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996. Lakini utulivu wa pale ni mzito, haumpumzishi mtu. Ndiyo maana wengi, hasa Wakatoliki, wakitaka kutulia na kujihoji nafsi hutoka mjini kwa siku moja au tatu. Wao husema wanakwenda kufanya mafungo. Wenzetu Waislamu wana itikafu katika kumi la mwisho la Ramadhani, kwa hiyo jambo hili si geni kwa yeyote kati yetu.

Desturi yenyewe ni ya kale. Ignatius wa Loyola, askari wa Hispania aliyeweka upanga chini, alijitenga Manresa mwaka 1522, na kutokana na majaribu yake pale kikatoka kitabu cha mazoezi ya kiroho ambacho Papa Paulo wa Tatu alikithibitisha mwaka 1548. Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Lavigerie huko Aljeria mwaka 1868, waliichukua desturi hiyo wakaja nayo mpaka ziwani kwetu. Hayo mnaweza kuyasoma vitabuni. Ninalotaka kueleza mimi ni habari za Bukumbi, kusini mwa jiji la Mwanza, kwa kuwa nasikia watu wakisema kwamba mafungo ni kazi ya wasio na kazi, na kwamba anayejitenga anaikimbia dunia. Bukumbi dunia iliingia yenyewe, tena kwa mlango wa mbele.

Mapadre wa kwanza walifika Kageye, ukingoni mwa ziwa mashariki ya Mwanza, mwishoni mwa Desemba 1878, baada ya safari ya miguu kutoka Bagamoyo iliyoanza mwezi Juni. Mwenzao mmoja, Padre Pascal, walikwisha kumzika njiani. Januari 1879 Padre Lourdel na Bruda Amans wakapanda mtumbwi kuelekea Buganda, wakatua tarehe 17 Februari. Wenzao wakawafuata baadaye mwaka huo, na kazi ikaanza kwa Kabaka Mutesa.

Miaka mitatu na ushei baadaye, Novemba 1882, wakafungasha na kurudi kusini mwa ziwa. Kabaka alikuwa amebadilika, maisha yao yalikuwa mashakani, na walikuwa na watoto waliowakomboa utumwani ambao walihofia kunyang'anywa. Mackay na wenzake wa Kianglikana walibaki. Basi hapo ndipo watu husema: Mapadre walikimbia. Mimi nisingependa kuficha neno hilo, walikimbia kweli. Lakini tazameni matokeo. Mwaka 1883 wakajenga misheni Bukumbi, ambayo hata leo huhesabiwa kuwa chimbuko la Ukatoliki katika sehemu za Mwanza. Na kule Buganda walikotoka, waumini wachache waliobatizwa, akina Joseph Mukasa Balikuddembe na Andrew Kaggwa, waliendelea kufundishana wenyewe bila padre hata mmoja. Mutesa alikufa mwaka 1884. Padre Lourdel aliporudi mwaka 1885, kwa mwaliko wa Kabaka mpya, Mwanga, alikuta kundi limekua. Nani ajuaye kama lingekua hivyo angekuwapo padre wa kutegemewa kila jambo?

Yaliyofuata kila mtoto wa shule huyajua kwa sehemu. Balikuddembe aliuawa Novemba 1885 kwa amri ya Mwanga. Tarehe 3 Juni 1886 vijana wa ikulu wakachomwa moto Namugongo. Wakatoliki waliouawa katika mateso yale, ambao Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu mwaka 1964, ni 22, na Waanglikana wengi nao walikufa. Wengi wao Lourdel alikuwa amewafundisha yeye mwenyewe.

Septemba 1888 mambo yakageuka. Mwanga akapinduliwa, na mwezi wa Oktoba wamisionari nao wakafukuzwa. Mapadre na Waanglikana wawili, Gordon na Walker, watu waliokuwa wakibishana mbele ya Kabaka kwa miaka, wakatiwa katika mashua moja. Njiani kiboko akaitoboa, wakaponea chupuchupu. Hatimaye Mapadre wakafika Bukumbi, wakaingia katika kimya cha misheni yao.

Naye Mwanga? Alivuka ziwa akatua Magu, kwa wafanyabiashara wa Kiarabu, na huko akawa kama mfungwa wao. Mwisho akatoroka. Ukiitazama ramani, Igoma ipo kati ya Magu na Bukumbi. Kabaka aliyekuwa akitetemesha nchi nzima alikuja pande zetu hizi akiwa mkimbizi, akabisha hodi kwa watu ambao wanafunzi wao aliwachoma moto, miaka miwili na nusu tu ilikuwa imepita.

Wakampokea. Lourdel alikuwapo. Askofu Livinhac alikuwapo.

Nilipokwenda Bukumbi pamoja na wafanyakazi wenzangu wa ofisi, kwa mafungo ya siku moja, tulikaa chini ya miti baada ya ibada na habari hii ikazungumzwa. Mzee mmoja wa pale akanitazama akaniuliza, "Mwanangu, ungekuwa wewe, ungemfungulia?" Nikanyamaza. Kijana mmoja katika kundi letu akajibu upesi kwamba Mapadre walikuwa na hesabu zao: walijua Mwanga akirudi kitini atawafaa. Mzee akasema, "Hayo nayo yamo, baba. Lakini usiku ule aliokuja hakuwa na kiti."

Nimelifikiri jibu hilo mara nyingi, na kwa kuwa kazi yangu ni ya serikali, siwezi kujifanya sioni siasa. Kijana hakukosea. Mwaka 1889 Mwanga aliondoka kusini mwa ziwa katika chombo cha Charles Stokes, aliyewahi kuwa mmisionari akageuka mfanyabiashara, na silaha zilikuwamo. (Stokes huyo alinyongwa na afisa wa Wabelgiji huko Kongo mwaka 1895, lakini hayo ni mengine.) Vita vikapiganwa, Mwanga akakirudia kiti, na waliofuata dini mbalimbali wakaendelea kuuana. Misheni haikuweza, au haikutaka, kuizuia safari ile. Kwa maoni yangu, kumfungulia mlango lilikuwa jambo moja na kumwacha aondoke na bunduki lilikuwa la pili, na nalisifu lile la kwanza bila kulitetea la pili. Najua wako wenzetu waliosomea historia watakaonipinga, na nafasi ya kunijibu katika toleo lijalo wanayo.

Lourdel alirudi Buganda, akafa huko Mei 1890, akiwa bado kijana wa miaka 36. Mwanga aliishia uhamishoni Shelisheli, akabatizwa huko na Waanglikana kwa jina la Danieli, akafa mwaka 1903. Mwili wake ulirudishwa Buganda mwaka 1910.

Bukumbi ya leo ina parokia, hospitali na shule. Kwa upande wa Kigongo, kivuko tulichokuwa tukikisubiri kwa saa nyingi tulipokuwa wanafunzi kimepisha daraja refu la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, kwa hiyo hata kule malori yameongezeka. Mwenye kupenda kwenda ashike barabara ya Shinyanga mpaka Usagara, kisha akate kulia kuelekea Kigongo na kuuliza njia ya misheni. Kama ni kundi, mpelekeeni paroko taarifa mapema, na mchukue chakula chenu. Redio ziacheni nyumbani.