Shahidi au Mfiadini? Neno Moja katika Sala za Tarehe 3 Juni

Kila mwaka, tarehe 3 Juni, Wakatoliki humwadhimisha Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake, waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga kati ya 1885 na 1887. Lwanga mwenyewe alichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni, 1886. Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi kama Kware, ambako majirani wana lugha mbalimbali za mama, Kiswahili ndicho kiungo cha waumini katika kuwakumbuka. Makala haya yanauliza swali moja: je, katika sala, watakatifu hawa yafaa waitwe mashahidi au wafiadini?

Yaweza kudhaniwa kuwa Kiswahili hapa ni chombo cha tafsiri tu, kilichopewa nafasi Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliporuhusu lugha za wenyeji mwaka 1963. Historia yaonyesha vingine. Wamisionari Waanglikana walipofika Buganda mwaka 1877, na Mapadre Weupe mwaka 1879, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuingia katika baraza la Kabaka Mutesa pamoja na wafanyabiashara wa pwani na Uislamu. Alexander Mackay alianza kufundisha kwa Kiswahili, akitumia tafsiri za Askofu Edward Steere wa Unguja. Ndiyo maana Kiganda hata leo kina *eddiini*, *essaala* na *ekitabo*. Kizazi cha Lwanga, basi, kiliijua dini kwa msamiati ambao sehemu yake ilitoka pwani.

Neno *mfiadini* limeundwa vizuri, wala halichanganyiki na shahidi wa mahakamani. Hata hivyo, linataja kifo peke yake. *Shahidi* lataja ushuhuda, kama lifanyavyo neno la Kigiriki *martys* na la Kiganda *omujulizi*. Tena ni neno la wengi: Waislamu waliouawa na Mutesa mwaka 1876 nao ni mashahidi, na Papa Paulo wa Sita, alipowatangaza watakatifu Wakatoliki 22 tarehe 18 Oktoba, 1964, hakuacha kuwataja Waanglikana waliokufa pamoja nao.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Sala ya sikukuu humwita Mungu kwanza, ikataja tendo la mtakatifu, kisha ikaomba neema ifananayo na tendo hilo. Tukisema *mfiadini*, linaloombwa ni ujasiri wa kufa, na mpangaji wa Kware hangojewi na kuni za Namugongo. Tukisema *shahidi*, anaomba asiseme uongo kazini, asimdhulumu jirani, asiikane imani yake mbele ya mkubwa. Hayo yanamkabili kila siku.

Kwa hiyo *mfiadini* na libaki katika maelezo ya wanahistoria, panapohitajika kubainisha. Katika sala hatuna budi kulishika neno *shahidi*. Tukiliacha, tutakuwa tumekumbuka jinsi watu wale walivyokufa, tukasahau walichokisema.